Slaidi za chaji, polilaisini au ute wa yai: nichukue ipi?

Mkata_Nta: Wakuu, habari za kazi. Mwisho wa kupeleka oda ni Ijumaa. Vipande vya tishu vinang'oka kwenye slaidi (vioo vya darubini), tumechoka kukata upya. Slaidi za chaji, zile zenye chaji ya umeme inayoshika tishu, bei yake inauma. Polilaisini, ile gundi ya kupaka, tungepaka wenyewe. Au turudi kwenye ute wa yai na glisirini? Mnatumia nini?

BintiMaabara: Vinang'oka hatua ipi? Rangi ya kawaida, yaani hematoksilini na eosini, au mkichemsha kwenye sitreti kabla ya kupaka kingamwili? Tishu gani? Unene? Umeuliza kama mtu anayeulizia bei ya "gari".

Mzee_wa_Mikroni: Kwa rangi ya kawaida slaidi ikiwa safi haihitaji gundi. Nta ikiwa ya kuyeyuka nyuzijoto 56 hadi 58, beseni la maji ya kuelezea vipande liwe kama 10 chini ya hapo. Ukishaopoa kipande, simamisha slaidi maji yachuruzike kabisa ndipo uipeleke oveni, nyuzijoto 60. Mnaingiza zikiwa zinadondosha maji, halafu lawama kwa gundi.

ChajiTu: Mzee, hiyo hadithi haivuki sitreti ya moto. Nunua za chaji, ulale.

Jiko_la_Histo: Ute wa yai usiniambie. Nilitenganisha mwenyewe, nikachuja kwa kitambaa, nusu ute nusu glisirini. Thaimoli, dawa ya kuzuia kuvu, ilikuwa imeisha, nikasema mara hii tu. Chupa ikakaa dirishani. Wiki ya tatu daktari ananiita kwenye darubini: "Hizi nyuzi za kuvu ni za mgonjwa au za kwako?" Natazama, zimetambaa hadi pembeni kusiko na tishu, na eosini imeacha wingu la pinki slaidi nzima maana nilipaka kama siagi. Trei nzima tukakata upya. Bloku mbili (tishu ndani ya nta) zilikuwa biopsi za sindano, zilibaki nyembamba kama ukucha.

Mkata_Nta: Samahani, sikusema. Ni matiti, mikroni 4, vinang'oka kwenye sitreti. Za rangi ya kawaida ziko sawa. Kwenye beseni tunatia jelatini kidogo.

BintiMaabara: Ungeanza na hilo! Ukinunua za chaji, jelatini itoke. Inafunika chaji na kipande kinainuka vilevile, hela imekwenda.

Mzee_wa_Mikroni: Na titi lenye mafuta mengi lisipoiva vizuri kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu), hata simenti haitalishika.

ChajiTu: Polilaisini je? Ile ya asilimia 0.1 unazimua mara kumi, unachovya dakika 5, unakausha. Ila ukiziweka muda mrefu nguvu inapungua.

Mkata_Nta: Kwa hiyo za chaji kwa sitreti tu, nyingine za kawaida?

Mzee_wa_Mikroni: Oveni yenu ina kipimajoto cha kuaminika lakini?

BintiMaabara: Jiko_la_Histo, vile viini vya mayai ulivipeleka wapi?

Jiko_la_Histo: Chai ya saa nne.

BintiMaabara: Humo humo kwenye fomalini?!

Jiko_la_Histo: Chumba cha pili bwana.