Gavana Johan Printz wa Uswidi Mpya: kwa nini aliondoka mwaka 1653?

Mwalimu wa Temeke:
Wanajamvi, hapa Dar es Salaam tumewasoma sana magavana wa Kijerumani. Naomba kueleweshwa kuhusu Printz, aliyetawala Uswidi Mpya, koloni la Waswidi kando ya mto Delaware, Amerika Kaskazini.

Mzee wa Upanga:
Ndugu Mwalimu, Printz alikuwa askari aliyevuliwa cheo baada ya kuusalimisha mji wa Chemnitz mwaka 1640. Alifika koloni mwaka 1643, akaweka makao yake kwenye kisiwa cha Tinicum, katika nyumba ya magogo iliyoitwa Printzhof. Kilichomwangusha, kwa maoni yangu, ni kutelekezwa: meli Kattan, iliyotumwa mwaka 1649, ilikwama karibu na Puerto Rico, na bila bidhaa hakuwa na cha kubadilishana na Walenape, wenyeji wa eneo hilo, ili apate ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya ya thamani.

Binti Kariakoo:
Shikamoo Mzee. Hoja yako ina uzito, lakini tusiwasahau walowezi 22 waliotia saini malalamiko dhidi yake mwaka 1653, naye akayaita uasi na kuamuru Anders Jönsson, aliyeonekana kinara wao, auawe. Huo ni ukatili, si shida ya meli.

Mzee wa Upanga:
Marahaba, binti. Nakubali, na ndipo akaondoka. Binti yake Armegot alibaki kule, na mwaka 1655 Waholanzi wakaliteka koloni.