Ufa wa mlimani Elgon unaripotiwa kwa nani?

Ndugu aliyefungua mjadala huu anasema kwamba Uganda haihitaji tume ya maafa kwa kuwa Ofisi ya Waziri Mkuu ina idara ya kushughulikia maafa, na kwamba wanaofunikwa na maporomoko ya ardhi Bududa na Bulambuli, wilaya za miteremko ya Mlima Elgon, ni wakaidi waliohamishwa wakarudi. Kwa heshima, napinga yote mawili.

Udongo ulipokifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010, manusura wengi walipelekwa Kiryandongo, mbali kabisa na kwao, na baadhi wakarejea. Kule mlimani watu wanaishi kwa kahawa ya arabika, nayo inataka baridi; ukimshusha mkulima kwenye joto la tambarare, umempa nyumba ukamnyang'anya karo ya watoto. Makaburi ya wazee wake nayo yamebaki juu.

Mwaka jana nilisimama katika shamba la shangazi yangu, nikaona ufa umepita kati ya migomba, na nilipoingiza mkono ulizama hadi kiwiko. Shangazi alikuwa ameufunika kwa majani makavu ili mbuzi wasivunjike miguu. Hatari ya ardhi kuporomoka aliijua vizuri sana. Asichokijua ni nani wa kumwambia. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akatazama, akaenda zake, maana naye hana fungu lolote la kushughulikia jambo hilo.

Kifungu cha 249 cha Katiba ya 1995 kinaagiza iwepo tume ya kujiandaa na kukabiliana na maafa, ya asili na ya kusababishwa na binadamu, lakini karibu miaka 30 ilipita bila kuundwa. Idara iliyopo huja na unga, maharagwe na mablanketi, navyo tunavishukuru, ila huja watu wakishazikwa. Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililotupiwa taka za Kampala, liliporomoka likaua watu zaidi ya 30, ingawa lundo lile lilikua kwa miaka mingi mbele ya macho ya kila mtu; Novemba yake ikawa zamu ya kijiji cha Masugu, Bulambuli, kufunikwa na udongo.

Najua serikali imekuwa ikiunganisha mashirika yake ili kubana matumizi, na hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo sidai magari wala vyeo. Nadai chombo chenye bajeti yake, kinacholazimika kisheria kumtuma mtaalamu akapime ardhi kabla ya masika, na kinachopanga riziki ya anayehamishwa pamoja na paa lake.

Basi ndugu, utujibu: kwa utaratibu unaoutetea, shangazi aende kwa nani, na huyo asipokuja, nani atawajibishwa?