Mjadala: Kompaila ikinyamaza baada ya kupandisha toleo, tuiamini?

Wakuu, hapa Dodoma mifumo ya ofisi za umma ni mingi na wengi wetu humu ndio tunaoitunza. Fremuwaki (msimbo wa msingi tunaojengea mifumo) ikibadilisha methodi zake (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina vifanye kazi fulani), na kompaila, ile programu inayogeuza msimbo wetu uweze kuendeshwa, isiseme kitu, mzigo ni wa aliyeitengeneza au ni wetu?

Nina mfano unaonikosesha usingizi. Wengi tumejiandikia methodi ya nyongeza, yaani tunayoibandika wenyewe kwenye aina ya data ya fremuwaki, iitwayo TrimEnd, inayokata neno zima mwishoni. Ipe "Dodoma", iambie ikate "doma", unabaki na "Do". Sasa, katika matoleo ya majaribio ya .NET 9, fremuwaki yao, Microsoft waliongeza TrimEnd nyingine inayopokea mkusanyiko wa herufi. Stringi, yaani maandishi kama "doma", hukubalika hapo bila kuuliza, na katika C#, lugha tunayoiandikia .NET, methodi ya aina ya data yenyewe huitangulia ya nyongeza. Ukikompaili upya, msimbo uleule unang'oa herufi mojamoja kutoka nyuma: a, m, o, d, o. Umebaki na "D". Hakuna kosa, hakuna onyo! Ingekuwa namba ya faili la mstaafu je?

Waliiondoa kabla ya toleo kamili la Novemba 2024, na walifanya vyema. Lakini sisi tungeigundua? Kwenye mradi mmoja niliambiwa, "Imekompaili, pandisha." Hakuna aliyefungua hata ripoti moja kulinganisha. Naona mzigo ni wetu, na uandikwe kwenye mkataba na kulipiwa.

Jibu: Mkuu, hapo nakupinga. Java 11, toleo la lugha nyingine ya programu, ilipoongeza methodi nyingine ya toArray mwaka 2018, toArray(null) ikawa na utata, haijulikani ipi inaitwa, na kompaila ikaikataa palepale. Hilo unalirekebisha kabla chai haijapoa. Mabadiliko ya kimyakimya ni dhambi ya mtengenezaji, asitubebeshe sisi. Mimi nabaki na toleo la zamani, bajeti yenyewe mnaijua.

Mleta mada: Dada, kubaki kuna mwisho wake. Msaada wa .NET 8 unakoma Novemba 2026, na baada ya hapo tundu la usalama likitokea hakuna wa kuliziba. Juu ya kimya nakubaliana nawe kabisa. Ndiyo maana methodi zangu za nyongeza nimezipa majina yasiyogongana: ile TrimEnd yangu sasa inaitwa KataNenoMwishoni. Na kila moja ina jaribio linalosoma jibu lenyewe, "Do", herufi kwa herufi.