Mrejesho: fomu ya Django iliyokuwa ikipoteza masomo ya wanafunzi

Wakuu, habari za leo. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini fomu yangu ya kusajili wanafunzi, niliyoiunda kwa Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti), inahifadhi jina na darasa, lakini masomo waliyochagua yanapotea bila kosa lolote kuonekana. Limekwisha, nawashukuru sana.

Tatizo lilikuwa `form.save(commit=False)`, inayoandaa rekodi bila kuiandika bado kwenye kanzidata. Niliitumia ili nijaze kwanza karani anayesajili, kisha nikaita `mwanafunzi.save()` na kuishia hapo. Kumbe masomo hayakai kwenye jedwali la wanafunzi. Yana jedwali lao la kati, na kila mstari wa humo unadai namba ya mwanafunzi, ambayo haipo mpaka ahifadhiwe. Kwa hiyo Django inayashikilia mpaka uiambie. Nimeongeza hii baada ya kuhifadhi:

`form.save_m2m()`

Jana nimesajili mtoto wa kidato cha kwanza mwenye masomo tisa, nikafungua kanzidata: mistari tisa. Nilifurahi mno!

Aliyenishauri niachane na `fields = '__all__'`, inayoweka kila sehemu ya rekodi kwenye fomu, nimemsikia pia; sehemu ya karani haimo tena kwenye fomu. Waliobaki ni wale 40 wa mwanzo ambao masomo yao yalipotea, nawaingizia masomo kwa mkono kutoka kwenye karatasi zao.