Naomba ushauri: mpango wa riwaya umekamilika, lakini hamu ya kuiandika haipo

Ndugu waandishi, naomba ushauri wenu. Nimepanga riwaya ihusuyo mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza huko Kongwa, Urambo na Nachingwea mwaka 1947, kisha ukaachwa mwaka 1951 baada ya ukame na udongo mgumu kuyashinda hata matrekta. Daftari langu lina msuko wa matukio wa kila sura, wasifu wa wahusika, hadi ramani ya reli ya Mtwara na Nachingwea. Lakini nikikaa kuandika sura ya kwanza, ambamo kibarua amesimama kwenye foleni ya posho alfajiri, hamu hunitoka, kwa sababu najua tayari nani atakufa na nani atarudi kwao, na huhisi kana kwamba hadithi imekwisha kusimuliwa.

Nashuku kwamba mpango wenyewe umebana mno, ingawa siko tayari kuutupa. Je, ninyi huanza na tukio linalowavutia zaidi, hata likiwa katikati ya kitabu, au hufuata mpangilio? Na je, kumsomea mtu rasimu mbichi huongeza ari, au huimaliza? Mke wangu amejitolea kusikiliza, ila yeye husifu kila ninachoandika.