Mjadala: Charlie Williams aliwafungulia wenzake njia, au aliupamba ubaguzi kwa kicheko?

Mleta mada:

Kila inapotajwa historia ya wachekeshaji weusi wa Uingereza, jina la Charlie Williams huwagawa watu. Wapo wanaomhesabu kuwa mtangulizi, na wapo wanaodai kwamba alilipwa ili Waingereza weupe wawacheke wahamiaji bila kuona haya. Mimi namtetea, ingawa si kwa hoja ile ya kwamba “zama zile zilikuwa hivyo”, ambayo naiona ya kivivu.

Williams alizaliwa Royston, Yorkshire, mwaka 1927, na baba yake alitoka Barbados. Alifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, akawa beki wa kati wa Doncaster Rovers, kisha akaingia katika vilabu vya wafanyakazi vya kaskazini, ambako msanii hupanda jukwaani mbele ya watu wenye bia mezani wanaosubiri bingo, na asipowachekesha upesi humfunika kwa mazungumzo yao. Mwaka 1971 televisheni ya Granada, kupitia mtayarishaji Johnny Hamp, iliwakusanya wachekeshaji wa vilabu hivyo, akiwamo Bernard Manning, katika kipindi cha The Comedians, na Williams akajulikana nchi nzima.

Mzaha wake uliovuma kuliko yote ulikuwa kitisho: wasipocheka, atahamia nyumba ya jirani yao. Aliusema kwa lafudhi nzito ya Yorkshire, ileile ya waliokuwa wakimsikiliza. Hofu aliyoigusa, ya weupe kupata jirani mweusi, ilikuwa ya kweli, kwani ni mwaka 1968 tu ndipo sheria ilipopiga marufuku kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake, na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji wa Leicester, Uingereza, ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende kuishi huko. Ukumbini, mtu aliyecheka alikuwa amenaswa akiicheka hofu yake mwenyewe, na aliyemnasa alikuwa amesimama mbele yake.

Kwenye skrini mambo yaligeuka. The Comedians kilikata maonyesho ya kila mmoja vipande vipande na kuvichanganya, hata mzaha wa Williams ukaweza kupokewa papo hapo na wa mzungu anayewadhihaki wageni, na mtazamaji akavipokea vyote kama kitu kimoja. Lawama yangu naiweka kwenye meza ya uhariri.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, unamtua Williams mzigo ambao aliubeba kwa hiari. Sisi wenye watani tunajua kwamba mtani akikutupia neno, nawe una haki ya kumrudishia, na hapo ndipo utani unapopata uhalali wake. Mtoto mweusi aliyetupiwa mzaha huo shuleni asubuhi iliyofuata angemrudishia nani, na kwa neno gani, ikiwa anayemdhihaki alikuwa na ushahidi kwamba mweusi mwenyewe ndiye aliyeusema kwenye televisheni? Mtu akijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe ni hiari yake, lakini hapa walikaangwa na wengine.

Mleta mada:

Hoja ya mtoto naikubali, na sina jibu la kuipunguzia uzito. Hata hivyo, tazama kilichofuata. Mwaka 1973 Williams alikabidhiwa The Golden Shot, kipindi cha zawadi kilichorushwa moja kwa moja, ambacho washiriki walilenga shabaha kwa upinde. Kazi hiyo ilidai kuongoza wageni na kuchunga saa, haikudai mizaha ya rangi, na haikumkaa vizuri. Mwaka uliofuata akarudishwa Bob Monkhouse, mtangazaji wake wa zamani. Naona televisheni ilimtaka kwa mzaha wa aina moja tu, na ilipomtoa hapo haikumpa muda wa kujifunza mwingine.

Mchekeshaji mweusi Lenny Henry alipotokea kwenye New Faces, shindano la vipaji la televisheni, mwaka 1975, akiwa bado kijana wa miaka 16, nchi ilikuwa imekwisha kuzoea kumwona mchekeshaji mweusi mwenye lafudhi ya nyumbani kwao. Na BBC wakati huo bado ilikuwa ikionyesha The Black and White Minstrel Show, ambamo wazungu walijipaka weusi usoni, hadi mwaka 1978. Anayemlaumu Williams kwa kuingia Granada mwaka 1971 atueleze ni kipindi gani kingine cha vichekesho kilichokuwa tayari kumpokea, na kwa masharti gani.