Disney World Orlando na watoto wadogo pamoja na bibi yao, tupangeje?

MamaWatatu_Columbus
Wapendwa habari za huko mliko, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri kwa mliowahi kupeleka watoto wadogo Disney World pale Orlando. Sisi tuko Ohio, watoto watatu, wa kwanza ana miaka 8, wa pili 5, huyu wa mwisho anatimiza 3 mwishoni mwa mwezi wa tisa. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa sita, magoti yanamsumbua lakini habari ya kubaki nyumbani hataki hata kuisikia, anasema na yeye anataka akaone.

Sasa baba watoto anataka twende siku nne tumalize paki zote nne za michezo, kila siku paki yake, anasema mtu huwezi kuendesha gari zaidi ya maili 900 halafu urudi umeacha kitu. Mimi nikimwangalia huyu mdogo ambaye ikifika saa saba mchana lazima alale, asipolala hapakaliki, naona hiyo ratiba ni ya kuwatesa wote na bibi akiwemo. Tarehe nazo hatujaelewana, Julai shule zikiwa zimefungwa au ile likizo fupi ya Oktoba. Na bei jamani, tiketi ya leo sio ya kesho, kila tarehe na bei yake. Halafu malazi, hoteli ya Disney kwenyewe au tukodi nyumba Kissimmee, mji wa jirani, tupike wenyewe? Naombeni mnifungue macho kabla hatujalipa chochote.

BintiTanga_Tampa
Karibu Florida wifi yangu maana umeolewa kwetu! Nianze na tarehe kwa sababu hapo ndipo hela ilipo. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure kabisa, kuanzia 3 mpaka 9 analipa tiketi ya mtoto, akifika 10 analipa kama mtu mzima, na hiyo ya mtoto usidhani ni nusu bei, inapungua kidogo tu. Wanaangalia umri wake siku mnayoingia. Kwa hiyo Julai huyo mdogo haumlipii, Oktoba unamlipia. Oktoba hali ya hewa ni nzuri zaidi hilo siwezi kubisha, Julai huku ni joto la kunata na mchana mara nyingi mvua ya radi, lakini kwa familia ya watu sita tiketi moja ikitoka ni nafuu kubwa.

Sasa hilo la paki nne, mwambie shemeji kwa upole aachane nalo. Kwa umri wa watoto wako na magoti ya mama chukueni mbili, Magic Kingdom na Animal Kingdom ile ya wanyama, na katikati wekeni siku nzima ya kutokwenda popote, watoto waogelee, bibi alale, nyie mfue nguo. EPCOT na Hollywood Studios zina vitu vizuri ila watoto wakikua kidogo watavifaidi zaidi. Magic Kingdom ndiyo ya kwanza kabisa kujengwa pale, ilifunguliwa 1971, na ndiyo yenye michezo mingi ambayo hata huyo wa miaka miwili anapanda akiwa amekaa na mama yake, Dumbo, merry go round, boti za wanasesere wanaoimba.

Ila muielewe hii mapema. Magic Kingdom gari hamliegeshi getini. Mnaliacha kwenye kituo kikubwa cha tiketi halafu mnavuka kwa feri au ile treni ya juu, monoreli, na hapo kuna foleni ya ukaguzi wa mabegi. Kutoka kwenye gari mpaka ndani nyie hesabuni dakika 45 na watoto. Ndiyo maana ule ushauri wa mtandaoni wa kurudi nyumbani mchana mtoto akalale, kwa mtu aliyekaa Kissimmee mimi naona ni kuchoshana, ukishamtoa mtoto kwenye strola, kile kigari chake cha kusukuma, umefunga mkanda, umeendesha, kalala nusu saa, ni muda wa kurudi tena. Fanyeni hivi: fikeni kabla geti halijafunguliwa, pandeni vitu vyenye foleni asubuhi hiyo hiyo, ikifika saa saba ingieni Carousel of Progress. Ni ukumbi unaozunguka taratibu na viti vyake, giza kidogo, kiyoyozi kizuri, kama dakika 20, na mara nyingi hakuna foleni ya maana. Mtoto aliyekunywa maziwa yake humo halafu ukamlaza kwenye strola ukishatoka, amekwenda. Na kuna Baby Care Center kila paki, mahali tulivu pa kunyonyesha, kubadilisha pampasi, kuna maikrowevu ya kupashia chakula cha mtoto. Wengi wanapita pale mlangoni siku nzima hawajui kama pana kitu.

Baba_J_Houston
Naunga mkono paki mbili. Mimi naongezea la urefu maana ndilo linaloliza watoto mbele za watu. Wapimeni nyumbani kabla hamjawaahidi kitu, wakiwa na viatu watakavyovaa. Kuna fimbo ya kupimia mlangoni pa kila mchezo mkali na hawana huruma, sentimita moja ikipungua hapandi. Pale Magic Kingdom, Barnstormer ni inchi 35, treni ya vijeba saba inchi 38, Space Mountain 44, Tron 48. Sasa huyo wa miaka 5 na wa miaka 8 wanaweza kujikuta mmoja anaruhusiwa mwenzake hapana, hiyo vita ya ndugu bora ipiganwe sebuleni kwenu Columbus kuliko pale juani baada ya kupanga foleni saa nzima.

Na muulizie kitu kinaitwa Rider Switch, hakina malipo. Mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na wadogo, wakishuka yule aliyebaki anaingia bila kupanga upya ile foleni ndefu na mkubwa anaweza kupanda naye tena. Unamwambia mfanyakazi pale mlangoni mkifika wote, usingoje mpaka mwenzio ashapanda.

Ile Lightning Lane ya kulipia ili ukwepe foleni, siku ya Magic Kingdom fikirieni, Animal Kingdom kama mnafika asubuhi mapema sioni haja. Bei inabadilika kwa siku. Mnaolala nje ya hoteli za Disney mnaanza kuikata siku 3 kabla, wa hoteli zao siku 7 kabla. Chini ya miaka 3 hailipiwi.

nyota_ya_kusini
Mimi natofautiana nanyi kidogo. Mbona kila mtu Florida ni Disney tu? Kwa watoto wa umri huo kuna Legoland pale Winter Haven, kama dakika 45 au saa nzima kutoka Orlando, wametengeneza kwa watoto wa miaka 2 mpaka 12 na pembeni yake wamefungua paki ya Peppa Pig tangu 2022, ndogo, tulivu, mtoto wa miaka miwili anapanda karibu kila kitu. Tiketi ziko chini sana ukilinganisha. Bibi hatembei kilomita na kilomita. Kama hela ndiyo inakusumbua dada usiifute hii. Watoto wa umri huo wanachokumbuka ni bwawa na ice cream.

BintiTanga_Tampa
@nyota_ya_kusini kwa huyo mdogo uko sahihi kabisa, Peppa ni pake. Lakini huyo wa miaka 8 ameshasikia Disney kwa wenzake shuleni na bibi atoke Tanga mpaka Florida asifike? Kama wana siku ya ziada waiongeze Peppa, isiwe badala.

MamaWatatu_Columbus
Jamani asanteni sana, nimemsomea baba watoto hapa mpaka la kupima urefu, kaenda kuchukua tepu. Mniongezee mawili. Mama mkwe na hiyo miguu, tukikodi kiti cha magurudumu tunapita mbele ya foleni? Na chakula, mama anakula halali tu na vyakula vya mgahawani hana imani navyo, naruhusiwa kuingia na vyangu?

dada_wa_Kissimmee
Chakula ingia nacho hakuna shida. Wanakataza vyombo vya kioo na barafu ya vipande vya kumwaga kwenye kasha, nunua zile pakiti za barafu za kugandisha. Mimi hubeba wali kwenye hotpoti, maandazi, matunda yaliyokatwa, na maji. Maji yakiisha usinunue chupa, nenda dirisha lolote la chakula linalouza soda za bomba uombe maji ya barafu, wanakupa bure. Ndio maana nyumba ya kukodi yenye jiko inalipa kwa watu sita, chai mnakunywa nyumbani, chakula cha jioni mnapika. Lakini nyumba nyingi hapa zina bwawa nyuma, kwa hiyo kabla hujalipa muulize mwenye nyumba kama kuna uzio wa watoto kuzunguka bwawa na kengele kwenye mlango unaotokea huko, na mkifika tu mjaribu wenyewe kabla ya kushusha mizigo. Kwa mtoto wa miaka miwili hilo usilifanyie mzaha hata kidogo.

Kiti cha magurudumu kinakodishwa ndani lakini anayewahi ndiye anayepata. Bora mkodi mjini mkae nacho siku zote. Foleni hakiruki, sehemu nyingi mnapita na kiti foleni ile ile ya kawaida, faida yake mama hasimami. Kama ana tatizo la kukaa foleni lenyewe hilo ni ombi jingine, linaombwa kabla ya safari kwa video.

Na Animal Kingdom msiiweke ya mwisho mmechoka, iweni getini asubuhi, nendeni moja kwa moja sehemu inaitwa Harambe, humo humo ndani. Wamejenga kama mji wa mwambao wetu, kuta za chokaa zimechakaa, mabango ya matangazo yameandikwa Kiswahili. Nilimpeleka mama yangu, alisimama kwenye bango moja moja anasoma kwa sauti, wajukuu wanarudia nyuma yake, Wazungu wamesimama wanasikiliza. Wale wanaosema Kiswahili kinawapotea watoto huku, wapelekeni na bibi yao pale. Kutoka hapo mnapanda gari la safari, Kilimanjaro Safaris, kama dakika 20, twiga, tembo, faru, simba, asubuhi wanyama wanakuwa wamechangamka. Gari linarukaruka kweli kweli, waambieni kuhusu magoti ya mama kabla hamjapanda.

Baba_J_Houston
Moja nimesahau. Kila asubuhi piga picha ya kila mtoto na nguo alizovaa siku hiyo, na namba ya simu yako iandike kwa kalamu mkononi mwake. Akipotea mwambie mfanyakazi yeyote mwenye beji ya jina, usianze kuzunguka peke yako. Watoto waliopotea hupelekwa ile Baby Care Center.

MamaWatatu_Columbus
Basi tumeelewana, Julai, paki mbili na siku ya kupumzika katikati, nyumba Kissimmee. Mkubwa ana inchi 50, wa kati 42, kashaanza kununa na Space Mountain yake. Mvua ya radi ikinyesha tunafanyaje, tunatoka?

dada_wa_Kissimmee
Msitoke. Michezo ya nje husimama radi ikikaribia, watu wanakimbilia getini na strola zao, mvua inakatika baada ya saa moja hivi na foleni zinakuwa zimepungua. Ingieni kwenye maonyesho ya ndani mngoje. Makoti ya mvua nunueni Columbus duka la bei chee, pamoja na nailoni ya kufunikia strola, ndani ya paki bei yake utalia.